Barua za Fidla: Maalim Anajibu

Mwezi huu barua zimezidi nafasi. Zile za kuuliza bei ya fidla nimeziweka pembeni, maana bei ninayoijua mimi ni ya mwaka juzi, na muuza duka haji kuniuliza kabla ya kupandisha. Nimebaki na sita. Kwa mgeni wa safu hii: mimi ni mzee wa miaka 69, mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja. Fidla nimeishika nina miaka tisa, kwanza kwenye kidumbak cha ami yangu, yaani kikundi chake cha ngoma za harusi, halafu kwa kusoma noti. Napiga, natunga, na nafundisha wakubwa kwa wadogo barazani kwangu. Majina ya waandishi nayasitiri kama kawaida.

*Shikamoo Maalim. Mwanangu wa kiume kamaliza kidato cha sita na kapata nafasi chuoni kusoma uhasibu. Sasa hataki. Anasema atakuwa mpiga fidla wa muziki wa klasiki, atunge, na afundishe. Baba yake wiki ya pili hii hasemi naye. Nakuuliza moja tu: atakula nini?* — Mama, Tanga

Marahaba, mama. Atakula wali kwa mchuzi, na zipo siku atakula wali mkavu.

Sifanyi mzaha. Katika kila shilingi kumi zilizopita mkononi mwangu kwa miaka arubaini, sita zimetoka kwa wanafunzi. Tatu zimetoka kwenye harusi, hoteli na taarab. Iliyobaki moja ndiyo ya utunzi, nayo huja imechelewa na imechoka. Kuna hoteli moja ya ufukweni nilipiga kila Jumamosi msimu mzima, jua linazama, wageni wanapiga picha. Malipo ya miezi minne ya mwisho nayadai mpaka kesho. Mwanafunzi hajanifanyia hivyo hata siku moja. Mama wa mwanafunzi akikosa pesa huleta samaki, na akikosa samaki huja mwenyewe kuniomba radhi.

Basi jibu lako ndilo hilo: atakula ualimu. Ila lipo swali hukuliuliza, na baba yake angelifanya vyema kuliuliza badala ya kununa: je, kijana mwenyewe analijua hilo? Wengi wanaonijia na habari hii wameona picha moja tu, koti jeusi, jukwaa, watu wamesimama wanapiga makofi. Habari ya kufundisha wao huitaja mwishoni, kama alivyoitaja mwanao, mfano wa mtu anayeweka tairi la akiba nyuma ya gari akiomba lisihitajike.

Nikupe mfano wa Ferdinand David, mpiga fidla ambaye nimetembea kwenye nyayo zake kwa miaka mitano. Nilisoma Leipzig, Ujerumani Mashariki ya wakati ule, kuanzia 1979 hadi 1984. Wajerumani walikuwa wameshatujengea majumba yale ya ghorofa Kikwajuni, na vijana wetu wakienda kwao kusoma hiki na kile; mimi nikaangukia fidla. Chuo kile cha muziki kilianzishwa na mtunzi Felix Mendelssohn mwaka 1843, na mwalimu wa fidla aliyemweka pale alikuwa huyo David. Hawa wawili walizaliwa Hamburg katika nyumba ileile, wamepishana mwaka mmoja, 1809 na 1810. Tangu 1836 mpaka alipokufa 1873, David ndiye aliyekaa kiti cha kwanza cha fidla katika okestra ya Gewandhaus mjini pale. Asubuhi darasani, jioni okestrani, na kati ya hapo akitunga na kuandaa kazi za wazee wa kale ili wanafunzi wake wapate cha kupiga.

Mwaka 1838 Mendelssohn alimwandikia barua kwamba anataka kumtungia koncheto ya fidla, yaani muziki wa fidla moja mbele ya okestra nzima, na kwamba mwanzo wake haumpi raha kichwani. Koncheto ikamaliza miaka sita ndiyo ikaisha, David akishauri kila kitu, mpaka mahali pa mpigaji kuonyesha ufundi wake peke yake. Akaipiga kwa mara ya kwanza Machi 1845. Mwanao, kama kweli ni mpiga fidla, anaujua mwanzo wake hata usingizini.

Lakini sikiliza linalonichekesha. David alitunga koncheto tano za fidla. Hakuna anayezipiga leo, au tuseme nimekutana na mmoja, naye alikuwa analipwa. Kazi yake iliyo hai ni kikoncheto, yaani koncheto fupi, cha 1837 cha tromboni, tarumbeta ile ya kusukuma na kuvuta. Kila mpiga tromboni anayetaka kuajiriwa okestrani ataombwa akipige. Mtu kalala na fidla na kuamka na fidla, dunia inamtaja kwa tromboni! Kilichobaki cha fidla yake kimo mikononi mwa wanafunzi: Joseph Joachim alipita kwake, August Wilhelmj alipita kwake, na hao nao wakafundisha wengine, mpaka ikafika kwa bwana mmoja mwenye kikohozi aliyenifundisha mimi chumba cha ghorofa ya tatu, na kutoka kwake ikaja barazani Ng'ambo.

Sasa mfanyieni kijana jaribio. Mtafuteni mtoto wa jirani, miaka minane hivi, asiye na kipaji kinachoonekana. Mwanenu amfundishe kushika upinde. Kushika tu: gumba limekunjwa, kidole cha mwisho kimetua juu ya mti kama ndege juu ya waya, kifundo kimelegea. Mara mbili kwa wiki, mwezi mzima. Mwezi ukiisha msimtazame mtoto. Mtazameni mwanenu alikuwa akirudi na uso gani. Ikiwa alikaa mezani akasema, bila kuulizwa, "leo gumba limekunjika," baba yake na aanze kuongea naye. Ikiwa alilalamika kwamba mtoto anamla muda wake wa mazoezi, mpelekeni kwenye uhasibu, na fidla aipige jioni. Wahasibu wapo wanaopiga vizuri tu, nao hawaidai hoteli yoyote.

*Maalim, mimi ni kijana wa Goma, miaka 24. Nilianza fidla miaka miwili tu nyuma, kanisani. Watu wananiambia nimechelewa, wanaojua wameanza na miaka mitano. Ni kweli?* — Mkristo wa Goma

Kweli kwa jambo moja: kusimama mbele ya okestra kubwa na koncheto ya Tchaikovsky, hapo umechelewa, na atakayekwambia vinginevyo anataka ada yako. Kwa mengine yote bado asubuhi. Huko kwenu nchini, Kinshasa, kuna okestra ya kanisa la Wakimbangu iliyoanzishwa 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu mwenye kanisa hilo, rubani aliyepoteza kazi ya ndege. Walianza wengi wakiwa watu wazima, wenye kazi zao za mchana, fidla chache zikipokezanwa, na uzi ukikatika hutafutwa waya wa breki ya baiskeli. Wamefika kuipiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Fanya mazoezi saa moja kila siku kuliko saa saba Jumapili, na anza leo kumfundisha aliye nyuma yako mwezi mmoja. Utashangaa yeye ndiye atakayekusahihisha.

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 17, niko Nairobi, najiandaa na mtihani wa muziki wa gredi ya nane. Natunga vipande vyangu. Mwalimu wangu anasema nimalize mitihani kwanza, kutunga baadaye. Lakini siku moja nilipiga kipande changu nikamdanganya kwamba nimekipata kwenye kitabu cha zamani, akakisifu. Nilipomwambia ni changu akaanza kuona makosa. Nifanye nini?* — Msichana wa Eastlands

Marahaba, mwanangu. Kwanza umenichekesha mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Hukuwa wa kwanza. Fritz Kreisler wa Vienna, mmoja wa wapiga fidla waliopendwa kuliko wote katika karne iliyopita, aliwapa watu kwa miaka kama thelathini vipande vya Pugnani, vya Couperin, vya Padri Martini, akidai kaviibua kwenye hati kuukuu. Mwaka 1935 akakiri: vyote nimetunga mimi. Wakosoaji wakaghadhibika, hasa wale waliokuwa wameandika kwamba vipande vya mabwana hao wa kale vinavishinda vya Kreisler. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kawaida kabisa. Alikuwa kijana, alihitaji vitu vya kupiga, akaona haya kulijaza tangazo la onyesho kwa jina lake mwenyewe.

Usirudie lakini. Mwalimu mmoja ukimdanganya mara mbili humpati tena.

Kwamba usubiri umalize mitihani, hapo nampinga mwenzangu, kwa adabu. Mtihani unapima unavyopiga vya watu. Kutunga ni misuli mingine, na misuli isiyotumika hunyauka. Ila nina swali kwako: vipande vyako unamtungia nani? Ukisema unajitungia mwenyewe, nitajua vilivyo kabla sijavisikia. Vitakuwa vimejaa kile ambacho vidole vyako vinakipenda, na palipo pagumu kwako utakuwa umezunguka kama mtu anayekwepa dimbwi.

Antonio Vivaldi alianza 1703 kuwa mwalimu wa fidla huko Venice, kwenye nyumba ya kulelea watoto wa kike waliotupwa, iitwayo Pietà. Mwaka 1709 wakubwa wa nyumba wakapiga kura wasimwendeleze, 1711 wakamrudisha. Baadaye wakapatana awapelekee koncheto mbili kila mwezi. Mbili kila mwezi! Huyo hakuwa amekaa dirishani akisubiri maono. Alikuwa na wasichana mbele yake, anajua nani mkono wake wa kulia una nguvu, nani ana sikio kali lakini ana woga, akawa anamkatia kila mmoja nguo ya kumkaa.

Na mimi kipande changu kinachopigwa zaidi kimetokana na mbuzi. Siyo mnyama, mbuzi ya kukunia nazi. Nilikuwa na mwanafunzi, miaka kumi na moja, mkono wa kushoto mzuri ajabu. Wiki tatu kabla ya onyesho la skuli akateleza mkono kwenye meno ya mbuzi, kidole chake cha mwisho kikachanika. Alikuja barazani kidole kimefungwa kitambaa cha kanga kikubwa kama limau, hajalia, kakaa tu anatazama sanduku la fidla. Kila nilichokuwa nacho kwenye kabati kilitaka vidole vinne. Nikamwambia aende, aje kesho.

Usiku ule nikaandika kipande cha vidole vitatu. Pale ambapo kidole cha nne kingehitajika, niliuacha uzi ulie mtupu, bila kidole. Mwanzo niliona ni kama kigugumizi. Nikaupiga mara ya pili, nikasikia kitu: ule uzi mtupu uliokuwa ukirudi na kurudi ulikuwa mlio wa kidumbak cha ami yangu, fidla inavyolia ngoma zikishapamba moto na sanduku la besi linanguruma chini. Nikafuta nusu nikaandika upya, sasa nikiutaka ule uzi mtupu, si kwa kukosa kidole. Mtoto alikipiga. Kidole kilipopona nikampa nafasi arudi kwenye vipande vyake vya zamani, hakutaka. Kipande kina jina zuri nililolifikiria sana, hakuna anayelitumia. Wanafunzi wote wanakiita "Mbuzi". Kila anayeanza kwangu hukipitia.

Basi fanya hivi. Mtafute mwenzako anayepiga vibaya kuliko wewe, umtungie yeye. Andika kwa penseli. Mpe karatasi, ukae mbali, na ufunge mdomo. Atakapokwama mahali ambapo hukutarajia, pale ndipo penye kazi yako. Ukimaliza vitatu vya namna hiyo, mpelekee mwalimu wako na umwambie ukweli, na umwache aone makosa, yatakuwepo. Na mtihani ufanye.

*Asalaam alaykum Maalim. Sisi ni Waswahili tulio Maskati. Binti yangu wa miaka 12 anasoma fidla ya kizungu kwa mwalimu kutoka Ulaya na anaendelea vyema. Babu yake anataka ajue pia kupiga taarab. Mwalimu anakataa, anasema zile sauti zitamharibu sikio. Nani nimsikilize?* — Baba, Maskati

Waalaykum salaam. Binti yako anazungumza Kiswahili na babu yake na Kiarabu skuli. Ulimi wake umeharibika? Basi na sikio halitaharibika. Lakini usimcheke mwalimu, kwani hofu yake ina asili yake, na mimi nimeipata ikiwa moto.

Wiki yangu ya kwanza Leipzig nilipiga ngazi ya sauti, do, re, mi. Kwenye mi bwana akanisimamisha. Chini mno. Nikapandisha kidogo. Bado chini. Nikapandisha, akatikisa kichwa. Mwisho akachukua penseli akachora mstari mwembamba kwenye ubao wa vidole: kidole hapa. Usiku nikaufuta kwa mate. Sikuwa mkaidi, wallahi, ila ile mi yake ilinikera kama chai isiyo na sukari. Mi niliyoizoea ni ya rasti, ngazi ya sauti ya Kiarabu, ile wazee wanayoiita sika, iliyokaa katikati, juu ya mi iliyoshushwa na chini ya mi kamili. Kwenye piano hakuna. Ingebidi uivunje piano uitafute kati ya kitufe na kitufe. Kwenye fidla ipo, kwa sababu ubao wetu hauna vizuizi, kidole kinatua popote sikio linapokituma. Ndiyo maana Waarabu walipoichukua fidla waliona kama imetengenezwa kwao.

Ilinichukua kama mwaka kuwa na mi mbili kichwani, kila moja na mlango wake. Na nikwambie faida yake: baada ya hapo nikawa nasikia vipande vidogo vya sauti ambavyo wenzangu darasani hawakuvisikia. Bwana mwenyewe alikiri, kwa namna yake, yaani aliacha kuchora mistari.

Kwa hiyo, asome vyote viwili, ila kwa masharti. Kwanza, katika mwaka wa kwanza asivichanganye siku moja; apumzishe sikio usiku mmoja katikati. Pili, nyuzi. Fidla ya kizungu inafungwa sol, re, la, mi. Wapigaji wengi wa Kiarabu hufunga sol, re, sol, re, ili ule uzi mtupu uungane na wimbo. Usimwache binti akifungua na kukaza fidla moja kila siku kati ya hizo mbili. Nyuzi zitakatika na kidaraja kitaanguka. Mtafutie ya pili, ya bei ndogo, iwe ya babu. Tatu, babu amfundishe kwa kuimba, asimpe karatasi. Sika haiandikiki, hata ukiiwekea alama, alama haisemi iko juu kiasi gani, na ya Cairo si lazima iwe ya Unguja.

Hapo ulipo una bahati. Okestra ya simfoni ya kifalme ya Oman iliundwa 1985 kwa amri ya Sultani Qaboos, ikachukua vijana wa Kiomani tangu udogoni, wake kwa waume, na ukumbi mkubwa wa opera ukafunguliwa 2011. Binti ana pa kwenda. Na mwalimu akiendelea kukataa, mtajie Sami al-Shawa, waliyemwita Amir al-Kaman, mwana wa mfalme wa fidla, aliyeketi Cairo akipiga na kufundisha. Sikio lake halikuwa na kasoro.

*Mwalimu, shikamoo. Niko kidato cha tatu, Morogoro. Wenzangu wananicheka kwamba fidla ni mambo ya Wazungu. Niwajibu nini?*

Marahaba. Waulize kwanza kama wameshakaa kwenye kidumbak usiku wa harusi Unguja mashamba, ngoma mbili ndogo, cherewa, mkwasa, sanduku la besi, na fidla ikitangulia mbele kama mshenga. Siti binti Saad alipovuka kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, fidla ilikuwemo. Hiyo ni karibu miaka mia.

Wakitaka ya mbali zaidi, wape Chevalier de Saint-Georges, aliyezaliwa Guadeloupe mwaka 1745, mama yake Mwafrika mtumwa. Huyo aliongoza moja ya okestra bora za Paris, akatunga koncheto za fidla, na kwa upanga alikuwa hatari vilevile.

Halafu George Bridgetower, aliyezaliwa Poland mwaka 1778, baba yake mtu mweusi. Mwaka 1803 alifika Vienna, Beethoven akamtungia sonata ya fidla na piano kwa haraka mno hata wino ulikuwa haujakauka. Kwenye sehemu ya pili Bridgetower ilimbidi asome kwenye karatasi ya Beethoven mwenyewe, akichungulia begani. Waliipiga pamoja Mei ile asubuhi, ikawa shangwe. Baadaye wakakosana, Bridgetower alisema uzeeni kwamba ni maneno ya msichana. Beethoven akalifuta jina lake, akamtunukia sonata Mfaransa, Rodolphe Kreutzer, mwalimu wa chuo cha Paris. Kreutzer hakuwahi kuipiga mbele ya watu. Sonata inaitwa Kreutzer mpaka leo.

Nami sina la kufanya: mazoezi 42 ya Kreutzer yamo kwenye kabati langu, kurasa zimelegea, na kesho saa mbili asubuhi kuna mtoto atapiga namba mbili. Ni mazuri. Lakini kila nikifungua jalada namkumbuka yule mwingine.

*Maalim, mimi ni mwalimu Wete. Nina wanafunzi kumi na mmoja na fidla tano. Tangu masika kuingia, mbili zimefumuka ukingoni chini, mbao za mbele zimeachana na mbavu. Kaka wa mwanafunzi mmoja kaigundisha moja kwa supagluu. Vigingi navyo havizunguki. Tena nimesikia ubao wa vidole ni mpingo wetu. Naweza kumpa fundi Mmakonde achonge mwingine?*

Innalillahi, supagluu.

Kwanza usifadhaike kwa ile iliyofumuka. Imefanya ilichotakiwa kufanya. Fidla hugundishwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama, na fundi huiweka nyepesi kusudi, ili unyevu ukivimbisha mbao, gundi iachie kabla mbao haijapasuka. Gundi ikiachia ni kazi ya nusu saa. Mbao ikipasuka ni msiba. Supagluu haiachii, kwa hiyo masika yajayo itakayopasuka ni mbao. Ile iliyogundishwa ishushe nyuzi leo hii, usiipige.

Vigingi vimevimba. Usivilazimishe kwa koleo. Subiri siku kavu, vitoe kimoja kimoja, uvipake sabuni kavu ya mche kidogo, na chaki juu yake. Sabuni hulainisha, chaki hushika. Ukizidisha sabuni vitateleza, ukizidisha chaki vitanata. Usivitoe vyote kwa pamoja, maana kile kijiti kilichosimama ndani ya tumbo la fidla, kisichogundishwa na chochote, kitaanguka, na Wete nzima hutapata wa kukisimamisha. Pinde zote zilegezwe kila mkishamaliza kupiga. Ni singa za mkia wa farasi zile, nazo hucheza na hewa kama kila kitu kingine. Na fidla zisikae sakafuni wala juu ya kabati chini ya bati.

Mpingo: hapana. Wengi wanadhani hivyo. Mpingo wetu wa Kilwa na Lindi huenda Ulaya kuwa klarineti na oboi, ala za kupuliza. Ubao wa vidole wa fidla ni mti mweusi mwingine, jamaa wa mdaa, mwingi wake hutoka Kameruni. Mpingo ungefaa kwa ugumu, lakini ni mzito, shingo ya fidla ya mtoto italala kama mkono wa mlevi. Fundi wako mpe vigingi achonge, hivyo atavitengeneza vizuri.

Zile mbili zilete Unguja kwa boti, zivalishe taulo, uzikalie mwenyewe, usimwachie kuli. Gundi nitaichemsha. Nipo kila siku isipokuwa Ijumaa, na ukija Jumatano asubuhi mlete na mwanafunzi mmoja, yule mkubwa. Atazame inavyofanywa, ili masika ijayo usinililie.